Vikao vitatu vya daktari wa familia baada ya ICU: huduma nzuri, lakini usikubali kuuziwa nusu

Tuanze na hukumu, maana wengi wanaosoma haya wana mgonjwa nyumbani. Huduma hii inafaa kutafutwa na kulipiwa. Faida yake ni ya kiasi, na ikikatwakatwa hakibaki kitu cha maana. Vinavyokatwa mara nyingi ni vilevile: karatasi za ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) na simu za nesi. Kliniki ikikwambia "daktari atazungumza naye tu", jua hiyo ni huduma nyingine.

Yenyewe iko hivi. Mtu aliyelazwa ICU amepona mwili, lakini yaliyompata kule bado yanamwandama. Anakaa na daktari wake wa familia mara tatu, dakika 45 kila mara, ndani ya wiki zipatazo sita. Daktari hatoi nasaha za jumla. Anamwongoza mgonjwa kusimulia kwa mpangilio kilichotokea, tangu ugonjwa ulipomwangusha hadi aliporudi nyumbani, mpaka kumbukumbu inayomvamia ovyo ipate mahali pake katika mfululizo wa maisha yake. Nesi naye ana kazi yake: simu nane zenye ratiba, za kuuliza dalili na kumjulisha daktari pale mgonjwa anapozidiwa.

Kifurushi hiki kilipimwa Ujerumani, kikiongozwa na Chuo Kikuu cha LMU cha Munich, na matokeo yalichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2025. Wagonjwa 319 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata vikao na simu, jingine likabaki na matibabu ya kawaida yaliyoboreshwa kidogo. Dalili zilipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 80. Baada ya miezi sita, waliopata vikao walikuwa chini ya wenzao kwa wastani wa alama 4.7, baada ya mwaka tofauti ilikuwa 5.4. Hapo wauzaji wa matumaini wapunguze sauti kidogo, kwa sababu watafiti wenyewe walikuwa wameweka alama 6 kuwa kiwango cha mabadiliko ambayo mgonjwa angeyaona maishani mwake, na hawakukifikia. Faida ipo, na mwaka ulipita bila kuififisha, ila kwa wastani ni ndogo.

Mbona basi tunaipendekeza? Kwanza, washindani wake wengi wameanguka mtihani. Kliniki za ufuatiliaji zinazoendeshwa na manesi zilipimwa Uingereza na matokeo kutolewa mwaka 2009; maisha ya wagonjwa hayakuwa bora kuliko ya wasiozipata. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika ICU 24 za Uingereza, ambako manesi walifundishwa kuwatuliza wagonjwa wangali kitandani, nalo halikupunguza kiwewe. Daftari la ICU, ambamo manesi na ndugu huandika kila siku yanayomtokea mgonjwa, lilionyesha faida katika utafiti wa Ulaya wa mwaka 2010, kisha jaribio kubwa la Ufaransa la mwaka 2019 halikuona tofauti. Na kile kikao kimoja cha "hebu toa yote yaliyo moyoni" mara tu baada ya tukio, ambacho bado kinapendwa sana, hakijathibitika kuzuia kiwewe. Katika kundi hilo, alama tano si haba.

Pili, mbinu yenyewe si ngeni Uganda. Ni tiba ya kusimulia, ambayo wataalamu huiita NET, na mojawapo ya majaribio yake ya mwanzo yalifanyika katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Nile Magharibi, kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan. Matokeo yalitoka mwaka 2004: mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya waliosimulia ndio waliokuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, ilhali miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida au maelezo tu walikuwa karibu asilimia 80. Baadaye, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakimbizi wa kawaida walifunzwa kwa wiki sita kisha wakawatibu wenzao wa Rwanda na Somalia. Kaskazini nako vijana waliowahi kutekwa na waasi walisimulia kwa lugha yao, mbele ya watu wa kwao waliopewa mafunzo. Hayo ya kaskazini yalichapishwa mwaka 2011. Kwa hiyo daktari atakayekwambia kwamba mambo haya ni ya Ulaya na hapa kwetu hayawezekani, mwambie ajaribu kwenda Imvepi.

Nani anaifaa, na lini

ICU zetu ni chache. Hesabu iliyofanywa nchi nzima kabla ya Covid ilikuta vitengo 12 vyenye vitanda 55. Anayetoka humo kwa kawaida alikuwa na jeraha la ajali ya boda boda, kifafa cha mimba, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, pepopunda, au upasuaji mkubwa. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, takriban mmoja kati ya watano wanaopona ICU huwa na dalili za kiwewe. Lakini si wote wanaohitaji vikao, na si wakati wowote.

Mwezi wa kwanza, subiri. Kushtuka usingizini, kulia bila sababu na kuogopa kuachwa peke yake ni mambo ya kawaida katika wiki hizo, na wengi hutulia. Ugonjwa wenyewe hauwezi kutajwa kabla ya mwezi kupita. Miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa apitiwe upya miezi miwili hadi mitatu baada ya kutoka ICU, na huo ni muda mzuri hata hapa: mwili umepata nguvu ya kukaa kitini dakika 45, na ndugu bado wanakumbuka tarehe.

Dalili za kutazama ni hizi: anakwepa kila kinachomkumbusha hospitali, hata kukataa kurudi kuchukua dawa, jinamizi lilelile usiku baada ya usiku, kushtuka kwa sauti ya mlio wowote unaojirudia, hasira ambayo hakuwa nayo, na hadithi ya ajabu anayoificha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mgonjwa wa ICU huweweseka, na akiwa katika hali hiyo ubongo hutunga matukio: manesi walikuwa wanamwekea sumu kwenye dripu, alifungwa akauzwa, maiti zilikuwa zimepangwa kwenye korido. Anapopona anajua kwamba hayawezi kuwa kweli, lakini ameyaona. Hasemi, anaogopa ataitwa mwendawazimu au aliyerogwa. Kumbukumbu za namna hii huandamana na kiwewe kuliko zile za mambo yaliyotokea kweli.

Wasioanza na vikao hivi ni hawa: mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti hadi leo, anayekunywa waragi kila siku ili alale, na ambaye bado hawezi kufuata mazungumzo au kukumbuka ya jana. Hao wapelekwe kwanza kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Wilayani, mtafute tabibu wa magonjwa ya akili. Wapo waliosomea kazi hiyo mahususi, na wengi wao wanaijua kuliko daktari wa kawaida.

Karatasi kabla ya maneno

Barua ya kuruhusiwa inayotolewa kwa kawaida ina jina, ugonjwa, dawa za kunywa na tarehe ya kurudi. Kwa kazi hii haitoshi hata kidogo. Daktari anayeanza vikao bila kujua kilichotokea hawezi kumsaidia mgonjwa kutenganisha tukio na ndoto, na hapo ndipo kazi nzima ilipo.

Nenda kwenye idara ya kumbukumbu ya hospitali, ikiwezekana kabla faili halijahamishwa, uombe muhtasari wa ICU wenye mambo haya: tarehe na saa ya kuingia na kutoka, siku alizokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na tarehe mpira wa kupumulia ulipotolewa kooni, majina ya dawa za kumlaza, kama alifungwa mikono, kama moyo ulisimama akasukumwa kifua, kama aliweweseka, na siku zipi. Omba fotokopi ya karatasi ya manesi ya angalau siku ya kwanza na siku ya kuamka. Mgonjwa asaini barua ya kumruhusu ndugu achukue, ama sivyo utazungushwa.

Majina ya dawa yana maana yake. Ketamini, ambayo hospitali zetu huitumia sana, huleta maono makali. Midazolamu hufuta kumbukumbu. Aliyepewa zote mbili anaweza kubaki na picha ya watu wasio na nyuso wamemzunguka, na asikumbuke kabisa mchana mwanawe aliposhika mkono wake. Mikono nayo hufungwa kwa bandeji kwenye reli za kitanda ili mgonjwa asichomoe mpira. Asiyejua hilo anakumbuka kutekwa, na katika nchi ambayo watu wametekwa kweli, kumbukumbu hiyo ina mizizi.

Ikiwa faili halipatikani, kuna chanzo ambacho Wajerumani hawana: kundi la WhatsApp la ukoo. Familia nyingi za hapa hufungua kundi la kuchangisha bili siku ileile mgonjwa anapoingia ICU, na kila jioni mtu huandika hali yake. "Leo wametoa mpira, ameomba maji." Ujumbe una tarehe na saa. Tembeza kidole hadi mwanzo wa kundi, nakili jumbe zinazomhusu mgonjwa, acha zile za kugombana kuhusu michango. Ongeza risiti za duka la dawa. Kwa kuwa ndugu hutumwa kununua hiki na kile hata usiku wa manane, risiti hizo huonyesha siku gani alibadilishiwa dawa gani. Miamala ya pesa za simu huziba mapengo. Kwa jioni moja unapata ratiba kamili kuliko mafaili mengi.

Kikao cha kwanza

 Robo saa ya mwanzo ni madodoso. La kiwewe, PCL-5, lina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ya 31 hadi 33 kwenda juu inatia shaka ya ugonjwa. La sonona, PHQ-9, lina maswali tisa, na la tisa linauliza moja kwa moja kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Daktari akiliruka hilo kwa aibu, ameharibu kipimo. Alama za siku hiyo ziandikwe, maana ndizo zitakazolinganishwa baadaye. Bila hizo hakuna atakayejua kama vikao vimesaidia.

Kisha maelezo, kwa lugha ya nyumbani: ubongo ulikuwa chini ya homa, dawa na ukosefu wa usingizi, ukatunga; hofu hiyo imehifadhiwa bila tarehe, ndiyo maana inakuja kama jambo la leo. Wengi hupumua kwa mara ya kwanza hapo. Kusikia tu kwamba wengine wengi wameona maono hayohayo ni dawa.

Baada ya hapo, uzi wa maisha. Kamba ya mita mbili hivi inalazwa sakafuni au mezani. Ncha moja ni kuzaliwa, nyingine inaachwa imekunjwa kwa sababu maisha yanaendelea. Mgonjwa anaweka jiwe kwa kila jambo baya, ua kwa kila jambo jema, kwa mfuatano, akitaja jina la tukio na mwaka basi, bila kuingia ndani. Madaktari wenye haraka huruka hatua hii wakiona ni mchezo wa watoto. Wanakosea vibaya. Ni hapa daktari anapogundua kwamba jiwe la ICU limelala juu ya jiwe la zamani: mtoto aliyefia tumboni, usiku wa kambini kule Acholi, ajali ya basi. Mawe yakiwa mengi na mazito, vikao vitatu havitatosha, na daktari mkweli atasema hivyo siku hiyohiyo na kupanga vikao zaidi au rufaa.

Cha pili ndicho chenyewe

Mgonjwa anasimulia ICU polepole, kuanzia muda mfupi kabla mambo hayajaharibika. Daktari anasimamisha kila hatua kwa maswali yaleyale: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, uliwaza nini, na sasa hivi unapolisema, mwili unahisi nini? Swali la mwisho ndilo linaloitenganisha leo na siku ile. Mtu anasema, "Koo limebana." Daktari anamjibu, "Siku ile lilibana kwa sababu ya mpira. Leo mpira haupo, gusa shingo." Anagusa, anakuta kovu lililopona. Huo ndio ufundi wote, na haufanani na mahubiri.

Penye maono, daktari habishani. Hasemi kuwa "hayo hayakutokea". Mgonjwa anayasimulia kama alivyoyaona, mpaka mwisho, kisha karatasi zinafunguliwa: tarehe 9 ulikuwa kwenye ketamini, mikono imefungwa, homa iko juu, na manesi wa zamu walikuwa wawili wakikugeuza kila baada ya saa chache. Wale watu wawili wasio na nyuso walikuwa wamevaa barakoa. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayeunganisha.

Kinachoharibika zaidi ni saa. Dakika 45 ni chache, na hofu ina kilele chake. Ukisimamisha simulizi kileleni unamrudisha mtu nyumbani akiwa mbaya kuliko alivyokuja. Mpango unaofanya kazi: simulizi ianze ndani ya dakika kumi za mwanzo, kilele kiwe kimepitwa kufikia dakika ya 30 au 35, zilizobaki zimfikishe mgonjwa mahali salama katika hadithi, kwa mfano siku alipokalishwa kitandani akanywa uji. Foleni ikiwa ndefu nje na mtu wa mapokezi anagonga mlango, kikao hicho kiahirishwe. Ndiyo maana tunashauri kuomba nafasi ya mwisho ya siku, na mlango wenye komeo. Kliniki nyingi za mjini zina ukuta wa mbao nyembamba kati ya daktari na chumba cha sindano. Kaa ndani kwanza usikilize kama sauti inapita.

Machozi, jasho na kutetemeka vinatarajiwa. Kupotelea kabisa, macho yakakodoa bila kusikia jina lake, si dalili nzuri. Hapo daktari anamwinua, anampa maji baridi, anamtajia mahali na tarehe, na haendelei mpaka arudi.

Kikao cha tatu ni rahisi zaidi. Daktari anasoma kwa sauti alichoandika, mgonjwa anasahihisha, sehemu ngumu inarudiwa, kisha hadithi inaendelezwa hadi leo na kesho. Nakala anapewa mwenyewe. Onyo moja: isiandikwe kwenye daftari la shule ambalo wengi wetu hulitumia kama kitabu cha hospitali. Daftari hilo kila mtu nyumbani hulisoma, na shemeji ndiye huwa wa kwanza.

Simu nane

Watu huziona simu hizi kama nyongeza ya adabu. Sivyo. Baada ya kikao cha pili, jinamizi linaweza kuzidi kwa siku kadhaa, na mgonjwa asiyeonywa wala kupigiwa simu anaamua kwamba dawa imemdhuru, hasogei tena kliniki. Nesi anayepiga siku mbili au tatu baadaye humshika hapo. Maswali yake ni machache na yaleyale kila mara: usingizi, jinamizi, kukwepa, hamu ya kula, mawazo ya kujidhuru, na kama atakuja siku ya kikao. Anaandika, na penye hatari anamwita daktari leo, si kesho.

Yanayokwamisha ni ya kawaida kabisa. Simu ni ya mume au ya jirani. Laini imebadilishwa. Betri iko kwa mtu wa kuchaji. Kwa hiyo siku ya kwanza ziandikwe namba mbili, wakubaliane saa, na nesi aanze kila mara kwa kuuliza, "Uko mahali pa kuongea?" Asiache ujumbe wa maandishi wenye neno lolote kuhusu akili. Na salio liwe la kliniki. Nesi akitakiwa atumie lake, simu ya tatu haitapigwa, na hatumlaumu.

Dawa, na kwa nini awe daktari wa familia

Nguvu ya daktari wa familia ni kwamba anaweza kushika kiwewe na mwili pamoja. Moyo kwenda mbio kunaweza kuwa hofu, kunaweza kuwa upungufu wa damu. Jinamizi linaweza kuwa la ICU, linaweza kuwa la efavirenzi, dawa ya VVU, kwa mtu ambaye bado anaitumia. Dolutegravir, nayo ya VVU, huwanyima wengine usingizi, na kuihamishia asubuhi mara nyingine kunatosha. Predinisoloni huvuruga usingizi na hisia. Haloperidoli iliyoanzishwa ICU kwa ajili ya kuweweseka hupatikana miezi mitatu baadaye bado ikinywewa kwa sababu hakuna aliyeandika siku ya kuiacha. Mgonjwa anakaa mkavu, anatembea kama gogo, na nyumbani wanasema ICU imemharibu. Mshauri nasaha peke yake hataliona hilo.

Kuhusu vidonge vya kulala, tuna msimamo mkali. Diazepamu ni rahisi kupatikana, na ndiyo jibu la kwanza la maduka mengi ya dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, wala dawa za sonona zisitolewe kwa dalili hizo katika kipindi hicho. Diazepamu huzoeleka, na mtu aliyelewa dawa hawezi kusimulia vizuri kikaoni. Baadaye, sonona ikiwa wazi, fluoksetini, dawa ya sonona, ina nafasi yake. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na huo muda uambiwe mgonjwa mapema.

Wa kumwendea

Makerere na Mbarara zinafundisha udaktari wa familia kama fani ya ubingwa, lakini mabingwa hao ni wachache na wengi wako mijini. Kwa hiyo kiuhalisia utakuwa unaongea na daktari wa kliniki ya mtaani, au wa kituo cha afya cha daraja la nne, au tabibu. Cheo si hoja kubwa, Nakivale ilishaonyesha. Muulize mambo matatu: amefunzwa tiba ya kusimulia au mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili? Yuko tayari kusoma karatasi za ICU kabla ya kikao? Nesi gani atapiga simu, na kwa ratiba ipi? Akisitasita kwenye la pili na la tatu, ondoka hata kama ni rafiki wa familia.

Lugha ya kikao achague mgonjwa. Askari wa kambini au mfanyabiashara wa Arua anaweza kujadili bei kwa Kiswahili siku nzima, lakini aliyoyasikia kwenye maono aliyasikia kwa Kilugbara. Akisimulia kwa lugha ya tatu, anatoa ripoti tu na hofu inabaki palepale. Bora tabibu anayeijua lugha yake kuliko bingwa anayehitaji mkalimani, na mkalimani kamwe asiwe mtoto wake.

Imani isigeuzwe adui. Mgonjwa akisema yalikuwa majini, au mchungaji ameshamwombea, daktari aendelee na simulizi. Sala na kikao havigombani. Kinachogombana na kikao ni kuambiwa na mtu yeyote, awe mchungaji au mganga, kwamba asiyataje tena aliyoyaona.

Bei

Vituo vya serikali havitozi ada ya kumwona daktari, ila utalipa nauli na pengine fotokopi, na ugumu ni kupata dakika 45 mfululizo. Huko omba siku isiyo ya kliniki kubwa, mchana, foleni ikiisha. Kwenye kliniki binafsi usiulize bei ya kumwona daktari. Uliza bei ya kikao cha dakika 45, mara tatu, pamoja na simu, na upewe kwa maandishi. Wapo wanaotoza kumwona daktari mara mbili kwa kikao kimoja kwa kisingizio kwamba muda umezidi. Bima za kazini mara nyingi zina kikomo chao kwa afya ya akili, kwa hiyo piga simu kabla. Dodoso zote mbili tulizozitaja hazina ada ya matumizi. Ukiona zimeandikwa kwenye bili, kataa.

Deni la ICU lenyewe huwa sehemu ya ugonjwa. Mtu ambaye kiwanja chake kiliuzwa ili apone huamka usiku akihesabu, na hilo haliko kwenye dodoso lolote. Daktari aliulize, na kwenye uzi liwekewe jiwe lake.

Ndugu aliyelala kwenye mkeka nje ya ICU naye apimwe. Yeye aliona yote akiwa na akili timamu, alisaini fomu, alikimbia kutafuta damu. Kifurushi cha Ujerumani kilijengwa kwa ajili ya mgonjwa tu, na hiyo ni kasoro yake kubwa kwa familia za hapa. PHQ-9 ya dakika tano kwa ndugu huyo, siku ya kikao cha kwanza, inatosha kuanzia; alama kumi na kuendelea, apewe nafasi yake mwenyewe, tofauti na ya mgonjwa.

Mwisho wa vikao si mwisho wa huduma. Dodoso lirudiwe mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Alama zikiwa hazijashuka kufikia mwezi wa sita, usilipie vikao vingine vitatu vya namna ileile kwa mtu yuleyule. Omba rufaa, na nakala ya simulizi iende pamoja na barua ili mgonjwa asianze upya mbele ya mgeni.